Ripoti inatoka haraka kwa keshia, kwangu inakwama: tuanzie wapi?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mhasibu kwenye kampuni ya jumla hapa Mwanza, tunauza vifaa vya ujenzi. Tuna kompyuta 6 na zote zinatumia programu moja ya uhasibu. Faili la hesabu liko kwenye kompyuta ya keshia, ndiyo tunayoiita seva, na sisi wengine tunalifungua kupitia mtandao wa ofisi. Asubuhi nikiwahi kufika, nikiwa peke yangu, programu inakimbia. Ikifika saa nne wenzangu wameshaingia na kila kitu kinakuwa kizito: nikibofya ankara inaganda, nikiandika jina la mteja herufi zinatokea mojamoja. Ripoti ya madeni ya wateja inachukua dakika kumi na zaidi, lakini nikishuka kwa keshia nikaitoa palepale haimalizi hata dakika moja. Bosi ameongeza kifurushi cha intaneti, hakuna kilichobadilika. Fundi mmoja anasema tuongeze RAM, mwingine anasema tupige Windows upya kompyuta zote, wa tatu alizima antivairasi na kuondoka. Laptop yangu ina RAM ya GB 8, ni ya mwaka jana. Faili lina karibu GB 1.5, hesabu za tangu 2016. Tunatumia waifai, mmoja wetu ndiye mwenye kebo. Ritani ya VAT ni tarehe 20 na kila mwezi tunaikimbiza usiku. Naomba uniambie tuanzie wapi."

Marahaba. Umeuliza vizuri, maana ndani ya swali lako kuna vipimo viwili ambavyo mafundi wote watatu hawakuvitazama. Cha kwanza: ripoti ileile, faili lilelile, kwa keshia haimalizi dakika na kwako inapita kumi. Cha pili: ukiwa peke yako asubuhi hakuna shida, shida inaanza wenzako wakiingia. Ukiviweka vipimo hivyo pamoja, washukiwa wengi wanatoka kabla bosi hajatoa shilingi nyingine.

Tuanze na pesa iliyokwisha kutoka. Kifurushi cha intaneti kinapima njia ya kutoka kwenye ruta yenu kwenda nje. Faili lenu la hesabu haliendi nje. Linatoka kwenye kompyuta ya keshia, linapita kwenye ruta, linafika kwenye laptop yako, yote ndani ya jengo moja. Siku mtoa huduma akikatika kabisa, jaribu kufungua programu: kama leseni yake haihitaji kuulizia mtandaoni, itafunguka kama kawaida na itakuwa nzito vilevile. Bosi akinunua kifurushi kikubwa mara mbili ya hiki, ripoti yako ya madeni haitajua.

RAM nayo. Laptop yako saa mbili asubuhi ina GB 8, na saa nne ina GB hizohizo. Ukitaka uhakika, wakati programu imeganda bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka, nenda sehemu ya Performance uangalie Memory. Ikiwa iko chini ya asilimia 80 hivi, RAM haina kesi. Angalia na CPU palepale. Nakisia utakuta kompyuta imekaa tu, asilimia tano, kumi, huku wewe umeshika tama. Hiyo ni alama muhimu: kompyuta haifanyi kazi kwa kuzidiwa, inasubiri kitu kutoka kwingine.

Kupiga Windows upya ni dawa ambayo mafundi wetu wanaipenda kwa sababu mara nyingi inaleta nafuu ya wiki mbili, na nafuu hiyo inatosha mtu kulipwa. Lakini Windows haichakai kati ya saa mbili na saa nne asubuhi. Ingekuwa ndiyo mgonjwa, ungeumia hata ukiwa peke yako. Kompyuta 6 kupigwa upya ni siku mbili za kazi zilizopotea, printa za kuunganisha tena, na mtu mmoja lazima atasahau kuhifadhi mafaili aliyoweka kwenye desktop.

Kuhusu antivairasi, naomba iwashwe leo kabla hujaendelea kusoma. Yule fundi alikuwa na chembe ya ukweli: antivairasi hukagua faili kila linapofunguliwa, na faili la GB 1.5 linaloguswa na watu sita linaweza kukaguliwa kupita kiasi. Tiba yake ni kuingia kwenye mipangilio ya antivairasi, kwenye kompyuta ya keshia na zenu, mkalitoa folda la hesabu peke yake kwenye ukaguzi wa papo kwa papo, kwa kufuata maelekezo ya waliotengeneza programu. Kuizima yote ni jambo lingine kabisa. Mei 2017 WannaCry ilienea duniani kwa kupitia njia hiihii ambayo kompyuta za Windows hutumia kushirikishana mafaili, ikafunga mafaili ya watu kwa funguo wasizonazo. Ofisi yenye folda lililofunguliwa kwa kompyuta zote na antivairasi imezimwa inahitaji flashi moja tu yenye ugonjwa.

Na akija fundi wa nne akawaambia muwashe SMB1, toleo la kale la njia hiyo ya kushirikishana mafaili, ili "mafaili yapite haraka", mkataeni kwa heshima. Ndiyo mlango ulioingiliwa na WannaCry, Microsoft walianza kuuacha umefungwa kwenye Windows 10 mwaka huohuo wa 2017, na wala hauongezi kasi.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe.

Programu nyingi za uhasibu za ofisi ndogo zinatunza hesabu ndani ya faili, na faili hilo linawekwa kwenye folda linaloshirikishwa. Ukisema "seva" unafikiri kompyuta ya keshia ndiyo inayofanya hesabu na kukuletea jibu. Sivyo. Katika mpango huu ile kompyuta ni kabati tu. Anayefanya hesabu ni laptop yako. Unapoomba madeni ya wateja, laptop yako ndiyo inayokwenda kabatini kusema: nipe kipande hiki cha faili. Inakipokea, inakisoma, inagundua inahitaji kipande kingine, inarudi kuomba. Halafu kingine. Ripoti moja yaweza kuwa na maelfu ya safari za namna hiyo, kila moja imebeba kitu kidogo, na nyingi haziwezi kuanza mpaka iliyotangulia irudi.

Mfikirie tarishi anayetumwa ghorofa ya chini kuchukua karatasi moja, anapanda nayo, anatumwa tena. Ukipanua ngazi hatafika mapema zaidi. Cha kumsaidia ni umbali kuwa mfupi, au karatasi zote ziwe chumba kimoja na anayezisoma.

Tuweke namba. Tuseme ripoti yako inahitaji safari 30,000. Kwenye kebo nzuri, safari moja ya kwenda na kurudi ndani ya ofisi ni chini ya milisekunde moja, tuipe nusu. Safari zote ni sekunde 15. Kwenye waifai yenye watu, safari moja ikifika milisekunde 20, jambo la kawaida kabisa, safari zilezile 30,000 ni sekunde 600. Dakika kumi. Kasi ya waifai inayoandikwa kwenye boksi, sijui megabiti 300, sijui 1,200, haimo kwenye hesabu hii hata kidogo, kwa sababu inasema juu ya ukubwa wa mzigo na wewe unaumizwa na idadi ya safari. Ndiyo maana mtu anaweza kutazama video bila kukwama kwenye waifai hiyohiyo halafu ankara moja ikamshinda. Video inaletwa kwa mafungu makubwa, tena kabla hujaihitaji.

Herufi kutokea mojamoja ni ugonjwa huohuo. Programu hizi zina tabia ya kutafuta jina la mteja kila unapogusa herufi. Unaandika "M", inakwenda kabatini. "Mw", inakwenda tena. Kibodi yako ni nzima.

Waifai ina shida ya pili ambayo watu hawaifikirii: kwenye chaneli moja, kifaa kimoja tu ndicho kinachoongea kwa wakati. Laptop zenu, simu za wafanyakazi, simu za wateja waliopewa nywila pale kaunta, na ruta ya jirani iliyo kwenye chaneli ileile, wote wanasubiriana zamu. Saa mbili asubuhi zamu ni yako peke yako.

Lakini waifai haimalizi maelezo yote, na hapa nakuomba uvumilivu kidogo, kwa sababu sehemu hii ndiyo inayowachanganya hata mafundi wazuri. Ukiwa peke yako uliyelifungua faili, Windows ya keshia inaipa laptop yako ruhusa ya kutunza vipande ulivyokwisha kuvichukua na kuvitumia tena bila kurudi kuuliza. Haina wasiwasi, kwa kuwa hakuna mwingine anayeweza kuvibadilisha. Akiingia mtu wa pili kwenye faili hilohilo, ruhusa inafutwa papo hapo. Kuanzia hapo, kila kipande lazima ukifuate upya kwa keshia, hata kama ulikisoma sekunde moja iliyopita, maana mwenzako anaweza kuwa amekibadilisha. Na hii inatokea hata kama huyo wa pili amefungua programu tu na kwenda kunywa chai.

Kwa hiyo tofauti ya saa mbili na saa nne haiongezeki polepole kadiri watu wanavyoongezeka. Inaruka ghafla anapoingia wa pili. Kesho asubuhi fanya jaribio: toa ripoti ukiwa peke yako, andika muda. Mwombe mwenzako mmoja afungue programu, asiguse chochote. Itoe tena, andika muda. Ikiwa ya pili imepanda mara kadhaa, umeuona ugonjwa kwa macho yako, na hakuna kosa la mtu ndani yake. Windows inalinda hesabu zenu zisivurugike. Kuna makala zinazoelekeza namna ya kuilazimisha Windows iache ulinzi huo au ibadilishe tabia yake kwenye rejista, yaani mipangilio yake ya ndani. Sizipendekezi kwa ofisi yenye vitabu vya miaka yote hiyo ndani ya faili moja.

Jaribio la pili ndilo litakaloamua pesa ziende wapi, na linahitaji kebo moja tu. Saa nne, wakati wote wameingia na programu imeshakuwa nzito, chukua laptop yako ushuke kwa keshia. Zima waifai kwenye laptop. Chomeka kebo kwenye ruta au swichi (kisanduku cha kuunganishia kebo za mtandao) ileile aliyochomekwa keshia (laptop nyingi mpya hazina tundu la kebo, kaazime adapta ya USB). Toa ripoti ya madeni. Ikishuka kutoka dakika kumi hadi moja au mbili, mnahitaji kebo, na mengine yote yanaweza kusubiri. Ikibaki dakika saba, nane, basi waifai ni mshukiwa wa pembeni, na nitaeleza chini.

Ukiwa umekaa palepale, pima na safari zenyewe. Fungua Command Prompt, andika ping -n 100 kisha jina la kompyuta ya keshia, subiri kama dakika moja na nusu. Mwishoni itakupa muda mfupi kabisa, mrefu kabisa na wa wastani. Kwenye kebo nzima utaona safari karibu zote ziko chini ya milisekunde moja na hakuna iliyopotea. Rudia ukiwa mezani kwako juu, kwa waifai. Wastani ukiwa 4 lakini mrefu kabisa ukawa 180, hizo 180 ndizo unazoziona programu ikiganda. Kama majibu yote ni "Request timed out", usishtuke. Ngome ya Windows (firewall) mara nyingi inakataa kujibu ping ingawa mafaili yanapita. Pima kwa anwani ya ruta badala yake.

Mwenzenu mwenye kebo pia akaguliwe, usichukulie kwamba yeye yuko salama. Aende kwenye Settings, kisha Network & internet, kisha Ethernet, atazame kasi ya muunganisho. Ikiwa imeandikwa 1000, yaani gigabiti moja, sawa. Ikiwa ni 100 na vifaa vyote ni vya gigabiti, tafuteni kebo mbovu kwanza. Kebo ya mtandao ina nyaya nane ndani. Kasi ya megabiti 100 inahitaji nne tu, ya gigabiti inahitaji zote nane. Kichwa kikifungwa vibaya, au kiti kikipita juu ya kebo kila siku mpaka uzi mmoja ukakatika, kompyuta haitalalamika; inashuka kimyakimya hadi 100 na maisha yanaendelea. Na kama swichi yenyewe ni ya zamani ya megabiti 100, basi haivuki megabaiti 12.5 kwa sekunde hata mfunge kebo ya dhahabu.

Sasa kompyuta ya keshia, maana hata tarishi mwepesi atakwama kabati likiwa halifunguki. Umesema ripoti ikitolewa pale inakwisha chini ya dakika. Hiyo ni habari njema, ila sijui uliitoa saa ngapi, wenzako wakiwa wameingia au wametoka. Rudia saa nne, huku Task Manager ya pale imefunguliwa, na utazame diski. Kompyuta nyingi zinazoitwa seva kwenye ofisi zetu ni kompyuta ya kawaida iliyonunuliwa zamani, yenye diski inayozunguka. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika inatumia kama milisekunde 4 kungoja tu sehemu inayotakiwa ifike chini ya kichwa cha kusomea, bado kichwa chenyewe hakijasogea. Kwa usomaji wa hapa na pale, ambao ndio usomaji wa hesabu, inaweza maombi mia moja hivi kwa sekunde. Watu sita wakiomba vipande tofauti, pamoja na antivairasi, pamoja na Windows inayopakua masasisho, pamoja na keshia mwenyewe anayetoa risiti, imekwisha. Dalili yake ni hii: diski inaonyesha asilimia 100, lakini kasi iliyoandikwa chini yake ni megabaiti moja au mbili kwa sekunde. SSD ya kawaida, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka, inajibu makumi ya maelfu ya maombi kwa sekunde. Katika vitu vyote vinavyonunuliwa kwa ajili ya kompyuta ya zamani, huu ndio ununuzi ninaoutetea bila kusita, na unawekwa kwenye mashine moja tu, ile yenye faili. Laptop zenu haziuhitaji kwa tatizo hili.

Mkiwa hapo, angalieni pia kama kompyuta hiyo imepangwa kulala isipoguswa. Keshia akienda kula saa saba, seva inalala, na wote juu mnaganda. Na kama ni Windows 10, Microsoft walisitisha huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Hilo halifanyi mashine iwe nzito, kwa hiyo fundi asilitumie kama sababu ya uzito, lakini mashine iliyobeba vitabu vyote vya kampuni haifai kukaa bila masasisho ya usalama. Mnapopanga bajeti liwekeni.

Tuseme mmemaliza hayo: kebo, swichi ya gigabiti, SSD kwa keshia. Mara nyingi hapo ofisi inapumua na mnarudi kufunga hesabu mchana. Lakini programu ya namna hii ina kikomo chake, na faili linakua kila mwezi. Kuna njia kadhaa za kuendelea, na sitakudanganya kwamba yoyote ni ya bure.

Ya kwanza ni kufunga miaka ya nyuma. Programu nyingi zina namna ya kuanzisha faili jipya lenye salio la kufungulia, la zamani likabaki kwa kusomwa tu. Hesabu za 2016 hadi miaka michache iliyopita hazina haja ya kupekuliwa kila unapoandika "Mw". Usifute kitu, sheria ya kodi inataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka isiyopungua 5, na mkaguzi huja kuulizia hasa ile uliyofuta. Kazi hii ifanyike ukiwa na nakala mbili za faili mahali tofauti, si wiki ya tarehe 20, na salio la majaribio la pande zote mbili lilinganishwe hadi senti ya mwisho kabla watu hawajaruhusiwa kuingia.

Ya pili ni kumwondoa tarishi kabisa: programu iendeshwe kwenye mashine ileile yenye faili, nyie mkiitazama kwa mbali kwa Remote Desktop. Kinachosafiri kwenye mtandao hapo ni picha ya skrini na mibofyo yako, kwa hiyo hata waifai ya wastani inatosha. Kwa ofisi kama yenu hii ndiyo njia ambayo ningeitazama kwa makini baada ya kebo. Ubaya wake ni gharama. Windows ya kawaida inaruhusu mtu mmoja tu kwa wakati, na keshia akiwa ameketi pale mtamfungia skrini. Kwa watu sita inatakiwa Windows Server, na leseni ya kila mtumiaji au kila kifaa. Kuna vijiprogramu vinavyosambazwa vya kuvunja kikomo hicho kwenye Windows ya kawaida; ni uvunjaji wa leseni, na vingine vinakuja na wageni ndani yake. Na atakayewaambia mfungue Remote Desktop moja kwa moja kwenye intaneti ili bosi aone mauzo akiwa nyumbani, mwambieni hapana. Bosi apite kwenye VPN, yaani njia iliyofichwa ya kuingia mtandao wa ofisi akiwa nje. Mlango huo ukiachwa wazi hupigwapigwa usiku na mchana na roboti zinazokisia nywila, na ni moja ya njia kuu ambazo wezi wa kufunga mafaili wanaingilia ofisini.

Ya tatu ni kuhamia programu yenye seva ya kweli ya data, ambapo swali linakwenda, hesabu inafanyika kulekule, na jibu tu ndilo linalorudi. Pengine hata waliotengeneza programu yenu wana toleo la namna hiyo. Muulize aliyewauzia swali moja: nikitoa ripoti, kazi inafanyika kwenye seva au kwenye kompyuta yangu? Akibabaika, mwulize mwingine.

Ya nne, programu za mtandaoni, zinazofunguliwa kwa kivinjari. Zinaondoa shida ya seva, diski na bekapu kwa mkupuo mmoja, na kwa kampuni inayoanza leo mara nyingi ningesema ziwe za kwanza kufikiriwa. Ila pimeni na hali yenu. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti iliyumba Tanzania na nchi jirani kwa siku kadhaa. Ofisi yenye hesabu zake ndani ya jengo iliendelea kutoa ankara. Mkienda huko, muwe na njia ya pili ya intaneti, na hapo ndipo kifurushi cha bosi kitakapopata kazi.

Njia ambayo si njia, na naiona ikizidi: kuweka faili la hesabu ndani ya Google Drive, OneDrive au Dropbox ili "kila mtu alipate". Huduma hizo zinasawazisha faili zima baada ya kubadilishwa, hazijui kuwa watu wawili wako ndani kwa wakati mmoja. Matokeo ni nakala mbili zinazopingana, moja ina ankara zako, nyingine ina malipo ya mwenzako. Kuhifadhi bekapu huko baada ya kufunga programu ni sawa kabisa.

Kuna vitu vidogo viwili vya kukagua kama kuna mtu ambaye uzito wake ni tofauti na wenu. Kama Excel yake inachukua muda kufunguka tu, angalia printa iliyowekwa kuwa ya kwanza. Ikiwa ni ile iliyokwisha kuondolewa ofisini, Excel inaitafuta mpaka inakata tamaa. Badilisha iwe ya PDF, uone. Na kama folda za kawaida zinaganda, huenda ana diski ya mtandao, tuseme Z:, inayoelekea kwenye kompyuta isiyokuwepo tena. Iondoeni.

Halafu umeme. Watu huweka UPS kwa keshia, wakasahau ruta na swichi. Umeme ukipepesa sekunde mbili, kompyuta za mezani zisizo na UPS zinazimika, laptop zinabaki, lakini mtandao umekatika katikati ya kuandika, na faili linabaki na jeraha. Programu inayozidi kuwa nzito wiki hadi wiki, hata kwa keshia, hata ukiwa peke yako, mara nyingine ni faili lenye jeraha la namna hiyo. Programu nyingi zina kifaa cha kukagua na kurekebisha faili. Kabla ya kukigusa, wote watoke, nakili faili zima kwenye diski ya nje, ndipo ukifungue. Urekebishaji ukiharibika huna pa kurudi bila ile nakala.

Sasa, wakati wa kuacha kujaribu na kumwita mtu afike ofisini. Diski ya keshia ikianza kutoa sauti ya kugonga, au Event Viewer ya Windows, upande wa System, ikiwa na makosa ya "disk" yenye namba 7 au 153 yanayojirudia, acheni kila kitu na mnakili faili la hesabu kwanza. Msianze na chkdsk, kikaguzi cha diski cha Windows. Inaitesa diski inayokufa kabla hamjatoa mali. Ripoti ikianza kuleta salio lisilolingana na jana, au programu ikisema faili limeharibika, watu wote watoke na mwite waliowauzia programu, kwa sababu kila ankara inayoingizwa baada ya hapo inaweza kupotea. Mafaili yakibadilika majina na kuwa na viambishi vya ajabu, chomoa kebo ya mtandao na zima waifai kwenye kila kompyuta, usizime kompyuta zenyewe, na tafuta mtaalamu wa usalama siku hiyohiyo. Na kufunga kebo za kupita dari na kuta mpeni anayejua: azitenge na nyaya za umeme, kila kebo aipime mbele yenu kwa kipimo kinachoonyesha nyaya zote nane, na aiwekee namba pande zote mbili.

Huyo mtu akija, usimweleze "mtandao uko slow". Mpe karatasi yenye muda wa ripoti ukiwa peke yako, ukiwa na mwenzako mmoja, saa nne kwa waifai, na saa nne kwa kebo pale chini. Matokeo ya ping ya sehemu zote mbili. Na picha ya Task Manager ya keshia diski ikiwa imebanwa. Mabadiliko mfanye moja moja na kupima tena kwa saa ileile ya siku. Kebo zikifungwa siku moja na SSD, na RAM, na Windows mpya, mtafurahi, lakini tatizo likirudi baada ya miezi mitatu hamtajua mrudi wapi. Mngeweza kuanza Jumamosi hii kwa kebo moja ndefu ya sakafuni kutoka kwenye ruta hadi mezani kwako. Ibandikeni vizuri mtu asijikwae, ifanye kazi mpaka tarehe 20 ipite, halafu bosi aamue kuhusu wengine kwa kuangalia muda wa ripoti yako.